Bunduki Haiingii Dukani

Kyerwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta unatembea bila fimbo na goti limeacha kukusumbua. Mama naye, kikohozi kimepungua? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, maana ndizi za huku hawazipiki kama Muleba na mimi nina midomo ya kuchagua.

Baba, nina habari ya kujisifia, na nitajisifu bila haya.

Unajua Bwana Rwechungura alinipa kazi ya duka kwa sababu najua kusoma mizani. Msimu wa kahawa uliopita mteja mmoja aliegemeza gobole lake kwenye kaunta, likaanguka, likalia. Bati la paa likatoboka, na mama aliyekuwa akinunua chumvi akazimia. Tangu siku hiyo bwana akaniambia, "Nikiwa sipo, wewe ndiye mwenye duka. Anayeingia na bunduki mrudishe, hata awe nani."

Juma lililopita alikwenda machimboni kupeleka sabuni. Mara akaingia mzee mrefu, bunduki begani. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikapiga magoti kama mlivyonilea, nikamwamkia, "Waitu kasinge." Akaitikia vizuri. Nami nikiwa bado magotini nikamwambia, "Baba, bunduki haiingii humu. Naomba uiache nje."

Mzee akanitazama.

"Unanipigia magoti na unanifukuza?"

"Sikufukuzi wewe, baba. Naikataa bunduki."

"Bunduki yangu siiachi chini kama jembe. Unajua mke wa bwana wako ametoka nyumba gani? Mimi ndiye baba yake."

Hapo, baba, niliogopa, sitakuficha. Nimemrudisha mkwe mlangoni, mtu ambaye bwana wangu hata kumtazama usoni huona aibu. Nikifukuzwa kazi nitarudi nyumbani na kifurushi changu, na yale maneno ya baba mdogo, kwamba duka si kazi ya mwanamke, yatakuwa kweli. Lakini nikawaza: nikimruhusu huyu, kesho kila mwenye gobole atakuwa mkwe. Nikamtolea kigoda nje, penye kivuli cha migomba, nikamwambia nitamletea huko huko chochote anachotaka. Hakukaa. Alisimama uani amenuna.

Bwana akafika na baiskeli yake. Alipomwona mkwe wake nje, akaiacha baiskeli ianguke, akachutama kumwamkia. Mzee akamweleza yote kwa Kinyambo, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mimi nilisimama mlangoni.

Bwana akaniuliza bila kugeuka, "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

Akainamisha macho chini. Kisha akasema, "Baba, nisamehe. Mlango ule nimempa yeye. Hata mimi nikija na bunduki atanirudisha."

Mzee akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka polepole. Akavua bunduki begani akamkabidhi bwana. "Basi nishikie, nikamwone vizuri binti huyu."

Akaingia, Baba. Akachagua blanketi kwa raha zake, akanusa tumbaku ya kila kopo, akaniuliza habari zako, wewe baba yangu ni nani na unalima wapi. Nikamjibu kwa kirefu. Bwana Rwechungura alibaki nje juani na bunduki ya mkwewe mikononi. Alipoona mzee anachelewa, akainua mguu avuke kizingiti. Nikamtazama. Akaurudisha mguu chini.

Nisalimie Mama, na bibi anayelala karibu na moto, na dada yangu mkubwa na watoto wake. Padre naye mwambie bado nasali. Baba mdogo msomee barua hii mwenyewe, taratibu, na ukifika pale kwenye kizingiti umsomee mara mbili.

Ni mimi binti yako, mwenye duka bwana akiwa hayupo, na siku ile hata akiwapo,

Adela