Nyuma ya Pipa la Bafuni

Baba,

Leo asubuhi nimeulamba ukuta wa bafu. Nilifunga mlango kwanza, maana Mama angenicheka, kisha nikatoa ulimi kama ulivyokuwa ukitoa wewe kabla ya kugusa brashi. Ungeniona ungecheka mpaka kofia ianguke.

Keshokutwa Mama anatoka eda. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani kwa ajili yako, na siku hiyo akiingia kuoga nataka akute ukuta wenye rangi, si chokaa tena. Unakumbuka alivyokuwa akitoka bafuni na leso nyeupe mgongoni? "Shanzu nzima umeipaka rangi, mimi wanipaka chokaa!" Nawe jibu lako lilikuwa lile lile: "Subiri, Mama Mwanaisha. Ukuta huu haujakubali." Miaka nenda miaka rudi. Nisamehe, Baba. Hata mimi nilidhani umechoka tu, kwamba mahoteli yanakumaliza na nyumbani Timbwani huna hamu ya kazi.

Basi mwezi uliopita nilijitia ufundi. Nilikwenda duka la rangi Likoni nikachagua rangi ya mafuta, ile inayong'aa. Nilijiambia bafu ni maji, na mafuta hayaingiwi na maji, na mwenye duka akaniunga mkono. Nikapaka samawati, rangi aliyoitaka Mama tangu nikiwa mdogo. Ilipendeza, wallahi, kwa wiki mbili. Kisha ikaanza kufura kama chapati kwenye chuma, na nilipogusa ikabanduka vipande vipande na unga wa chumvi nyuma yake. Nilikaa kwenye ndoo nikalia. Siku zilikuwa zinakwisha, na Mama alikuwa ameshaiona.

Nilipolisogeza pipa la maji ili nikwangue, nikakuona.

Vipande sita vya samawati, kila kimoja kama kiganja chako, vimepangwa chini pale ambapo pipa huficha. Chini ya kila kimoja kuna hati yako ya penseli, ile ya kuinamia kushoto. "Mafuta. Masika moja." Kimebanduka. "Mafuta, msasa kwanza." Kimebanduka. Kingine umeandika "Bure" tu. Cha sita ni kizima, na hati yake inasema: "Ya maji. Chumvi itoke kwanza. Masika mawili. Imeshika."

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukisema kuta za matumbawe hupumua, na ukiziziba, chumvi hulazimisha njia. Nilisikia mara mia, sikushika hata mara moja. Miaka yote ile ulikuwa ukimtafutia mkeo rangi, ukivumilia maneno yake, na hukujitetea hata siku moja. Sijui mtu mwingine mwenye subira hiyo. Najivunia kuwa binti yako, na inaniuma kwamba sikukwambia.

Nimekwangua ukuta wote. Nimepiga brashi kavu kuitoa chumvi, nikaacha ukauke, nikapiga tena, kila siku. Jana ulimi ulikuta chumvi kidogo pembeni mwa dirisha. Leo hapana kitu. Kopo la rangi ya maji liko hapa karibu nami, na nikimaliza barua hii naanza.

Mama nimemwonyesha. Aliinama akasoma vyote sita, kimoja kimoja, kidole kwenye hati. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa akinisikia." Ameniomba nisivifunike, na pipa lisirudi pale.

Kwa hivyo nitapaka pembeni mwa vipande vyako, Baba, kwa brashi yako ndogo. Na kila masika yakipita nitaulamba ukuta huu kwa niaba yako, inshallah, hata nikiwa bibi kizee na wajukuu wananicheka.

Lala salama. Ukuta umekubali.

Mwanao,
Mwanaisha