Damu ya Kuazima

3 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini huko wote ni wazima. Mimi sijambo kidogo. Kikohozi kimepungua, ila jasho la usiku bado linalowesha shuka. Hii ni wiki ya tano nameza dawa za kifua kikuu, na karakanani nimerudi kushika randa.

Sasa sikia vituko. Zamani pale kliniki, wagonjwa wa kifua walikuwa na chumba chao, na wale wa virusi vya Ukimwi na chao, kule mwisho wa korido. Sasa ni meza moja. Nesi anakupa dawa za kifua, kisha anasema kila mgonjwa apime na virusi hapo hapo. Mimi naumwa kifua, damu yangu anaitakia nini? Nimemwambia nitafikiria. Akanitazama kama mtu anayejua jambo.

Dada, umemwandikia nini yule nesi? Wewe unafua mashuka ya hospitali huko, na watu wa hospitali mnajuana.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama kutwa. Unakula lakini? Ungeoa, ningekuwa na mtu wa kumuuliza.

Nesi wako simjui, wala aliyemzaa simjui. Ungeona madoa ninayopambana nayo hapa, ungejua sina nafasi ya kupeleleza damu za watu. Hata hapa kwetu kila anayetibiwa kifua anapimwa, mkubwa kwa mdogo. Magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja. Ukitibu moja tu, la pili linakumaliza. Pima, uniandikie upesi.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Hujambo? Mimi nipo. Haya, nimepima, na sina kitu! Nesi alinifunga mpira mkononi akavuta bomba zima la damu, utadhani anachota maji. Roho yako itulie sasa. Kikohozi kimerudi kidogo na suruali zinanipwaya, lakini hiyo ni kazi tu. Gundi anakusalimu, yule mwenzangu wa karakana tunayemwita hivyo kwa kuwa akikaa kwako habanduki.

Ila na mimi nikuulize. Mbona jambo hili umelivalia njuga? Kuna kitu unanificha.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Bomba zima? Njia ya mwongo ni fupi. Kipimo hicho ni tone moja la kidoleni, nimewaona watu wengi hapa kwetu wakitoka kupima wamebana pamba kwenye kidole. Nani alikwenda badala yako?

Umeuliza ninachokificha. Nilimwapia mama nisiseme, lakini nasema. Mama hakufa kwa kifua peke yake. Alikuwa na virusi. Jumanne alikwenda chumba cha kifua, hapo hapo kliniki kwako, wakamwambia akaanzie kule mwisho. Alhamisi kule mwisho wakamwambia amalize kwanza kifua. Wiki nenda, wiki rudi, anatembea korido ile akishika ukuta, mimi nyuma nimebeba mkoba wake. Siku walipomwandikia dawa zote mbili, alikuwa hawezi tena kumeza.

Wewe ulikuwa shuleni, tukakwambia ni kifua. Tuliona aibu. Sasa suruali zinakupwaya kama gauni lake lilivyompwaya, na mimi naogopa. Nenda mwenyewe.

Dada yako


20 Mei

Mdogo wangu,

Wiki ya sita hii huniandikii. Umeninunia, au umelala kitandani? Nijibu, hata kama ni tusi.

Dada yako


3 Juni

Dada,

Sikuulizi hali. Barua yako niliichana, halafu nikaokota vipande, nikaisoma sakafuni.

Alikwenda Gundi. Nilimpa kadi yangu akanichukulie dawa, nikamwambia wakitaka damu awape yake, kwa kuwa kila siku anajisifu ni mzima kama nondo. Siku hiyo palikuwa na nesi mgeni, hakunijua. Habari za bomba nilijitungia.

Jana nilizidiwa. Gundi alinipeleka kliniki kwa toroli la mbao, watu wanatazama, na yeye anawatukana njia nzima. Yule nesi wetu alikuwepo. Nilimwambia ukweli wote nikangoja anifukuze. Alikata lile jibu la Gundi kwenye kadi yangu kwa kalamu nyekundu, akaniambia nikae, akanichoma kidole.

Ninavyo, dada.

Hakunituma popote. Alivuta droo ya pili ya meza ile ile, akanieleza dawa, nikameza ya kwanza mbele yake. Anasema sijachelewa, ila ningengoja mwezi mwingine asingesema hivyo. Nililia pale mbele ya watu. Aliponiruhusu, nilijikokota mpaka mwisho wa korido nikihesabu hatua. Ni thelathini na moja. Gundi alifikiri nimechanganyikiwa.

Sijakusamehe. Miaka kumi na tatu nimemlilia mama bila kujua alikufa vipi, na wewe ulijua.

Nesi anataka mtu wa nyumbani wa kukaa nami mwezi huu wa kwanza, aone nimemeza zote mbili kila siku. Gundi alijitolea papo hapo. Nimemkatalia, nimeandika jina lako.

Mdogo wako