Unga Usoni mwa Kyalo

Kaloleni, Nairobi
Jumamosi, 15 Juni 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako Mutheu. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hautulii. Mgongo wako umepata nafuu, au bado unashinda umeuinamia mpingo kana kwamba watalii wamepiga foleni mlangoni? Na mama, mguu wake unaendeleaje?

Barua hii nimeianza tangu asubuhi. Naandika mstari, nainuka kuchungulia dirishani, narudi. Chai imepoa sijaigusa. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilikuambia wanafunzi wangu wangekariri shairi langu la uhuru kwenye mashindano. Mwanzoni niliandika ndege ndani ya tundu, kama waandikavyo wote. Lydiah, msichana mwenye ulimi usiolala, akaniuliza ni nani kati yetu aliyewahi kufuga ndege wa kuimba. Akasema matundu anayoyajua yeye ni ya kuku wa Soko la Burma, na wale hawaimbi, wanangoja kisu. Nilikasirika, halafu nikacheka. Nikamfuta ndege, nikakuweka wewe: kijana wa shamba la mzungu, kipande cha utambulisho shingoni ndani ya kibati, ukiitwa boi hata na watoto.

Ubeti wa mwisho ni lile kofi ulilopigwa siku uliyosahau kibati nyumbani. Uliniambia mwenyewe kwamba aliyekupiga hakuwa mzungu. Mzungu alikuwa barazani akinywa chai. Aliyekupiga alikuwa nyapara, mtu wa kwetu. Ukaniomba nisilitaje hilo mbele za watu, basi nikaandika "bwana" tu.

Afisa aliyekagua mashairi aliuliza bwana huyo ni nani hasa. Nikajibu ni mkoloni. Akaagiza Kyalo, mvulana anayemwigiza, apakwe unga wa ngano usoni, mtu asije akadhani tunaisema serikali ya leo. Nilikubali upesi mno hata nikajionea haya.

Alhamisi tukapanda jukwaani. Kyalo alipofoka akidai kipande, uso wake ulikuwa mweusi vilevile alivyozaliwa. Wiki hiyohiyo polisi walikuwa wamewazoa vijana wa mtaa wetu kwa kukosa vitambulisho, na mama zao walikuwa wameketi mle ukumbini. Mmoja akaanza kupiga makofi huku akilia, wengine wakamfuata.

Sasa Kyalo amesimamishwa masomo. Mwalimu mkuu anasema alijipangusa kwa ukaidi, na Jumatatu kamati itaamua kama atafukuzwa. Mvulana hajafungua kinywa. Mama yake, Mbeti, anayeuza mboga Muthurwa, alikuja jana kuniomba nimtetee, akanishukuru hata kabla sijajibu.

Baba, ni mimi. Nyuma ya pazia nilimtazama na unga wake, nikamkumbuka nyapara wako, nikalowesha ncha ya leso nikampangusa. Aliniuliza kama hatukukatazwa. Nikamwambia anyamaze. Amenitii mpaka leo.

Jumatatu nitaiambia kamati. Kazi huenda ikaniponyoka, na ninaogopa, sikufichi. Wataniuliza kwa nini nilifanya hivyo, nami sina jibu ila lile ulilonikataza. Barua hii itakufikia nikiwa nimekwisha kulisema. Usinikasirikie. Kofi lile umelificha maisha yako yote, kana kwamba wewe ndiye uliyelipiga.

Mpe mama pole zangu, na majirani uwaambie nawakumbuka.

Ni mimi bintiyo,
Mutheu