Bundu ya Mama Mkwe

Bwera, Jumanne jioni, 1972

Nimeikataa, na sijuti hata kidogo.

Asubuhi nesi aliniambia sukari ya damu yangu imepanda, ingawa bado si ugonjwa. "Punguza bundu, mama. Kula sombe, majani ya muhogo, na samaki." Nikambishia: mtu asipokula bundu, ugali wetu wa muhogo, amekula nini? Lakini mama yangu alikufa kipofu kwa sukari. Naogopa.

Basi jioni nimemega tonge moja tu. Mama mkwe akanikazia macho.

"Bundu yangu iko na sumu?"

Akamega, akala yeye kwanza, kama tunavyomwonjea mgeni ili asitushuku.

"Mama, ninaogopa sukari, si wewe."

Akanisukumia tena kikapu cha bundu.

Nikanawa mikono mbele yake, kumwonyesha nimemaliza kula.