Hodi Tusiyoiitikia

Mjukuu wangu Karisa,

Marahaba. Bado naona haya ukiniamkia, maana mimi mwenyewe niko kidato cha tatu. Lakini mama yako ni mpwa wangu, basi nyanya ni mimi tu. Huku Magarini mama hajambo, na mbuzi wetu amezaa.

Umeniuliza mbona kwetu twala mlango umefungwa, wakati huko Kaloleni kila apitaye huambiwa, "Karibu chakula." Hapa pia ilikuwa hivyo. Kisha mvua ikakosa, tukawa twala mahindi na maharagwe ya msaada, nayo hayafiki mwisho wa mwezi. Mama akaanza kufunga mlango.

Siku moja tunakula, jirani yetu Mama Kahindi akapiga hodi. Mama akanikonyeza ninyamaze. Nikakaa na tonge mdomoni, silitafuni wala silimezi.

"Hodi, mwenzangu! Mwalala mchana, au mwanikimbia?" Akacheka, akangoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya, kuleni. Nimewachumia mchunga, nauacha hapa mlangoni."

Mchunga ni mboga chungu ya porini. Mama humwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue. Siku ile hakuyamwaga.

Sasa Mama Kahindi naye hufunga mlango wake. Twasikia mwiko wao ukikwaruza sufuria, nao wasikia wetu.

Ukija likizo, usipige hodi. Sukuma mlango uingie.

Nyanya yako,
Sidi