Nundu ya Fahali wa Baba

Marahaba, mjukuu wangu Boke. Bibi yako mzima, na mahindi huku Turwa yamebeba.

Unauliza utamchoraje yule mjusi wa kale aliyeruka, nawe una mifupa tu. Ujanani niliwachorea watafiti wanyama wa kale kwa kufuata mifupa, nikajiona fundi. Fahali wa baba alipokufa, baba akamlilia. Nikapanga mifupa ya fahali, nikaipima, nikamchorea baba picha yake.

Baba akaitazama picha. “Huyu ng'ombe wa nani? Nundu yake iko wapi?”

Nundu haina mfupa, Boke. Na fahali yule nilimchunga mwenyewe tangu ndama! Hadi leo nikikumbuka nainamisha uso.

Huyo wako hakuna aliyemchunga, wala atakayekuuliza. Mchore, ila uone aibu kidogo.

Babu yako.