Meno Ndani ya Sefu

Mjukuu wangu Jerono,

Huku Munyaka tuko wazima, ila mbuzi wamemaliza mboga yote ya sukuma wiki ya nyanya yako. Unauliza kama kweli niliwahi kufungua sefu kwa faneli na mpira wa maji.

Mzee mmoja wa Langas alifungia humo meno yake ya bandia kwa kuogopa panya, akasahau namba, na wageni wa kuposa binti yake walikuwa njiani. Nikaitwa nisaidie. Nikazungusha namba, faneli sikioni na ncha ya mpira kwenye mlango wa sefu, mpaka shingo ikauma. Sikusikia kitu.

Mama mmoja akasema tuombe. Wote wakafumba macho isipokuwa mimi na msichana wa jirani. Yeye akavuta tu mkono wa sefu, ikafunguka. Kumbe haikuwa imefungwa! Baada ya amina, watu wakasifu faneli yangu. Msichana akanyamaza.

Nikaona heri nimuoe kabla hajasema. Mpaka leo tukibishana, nyanya yako huniuliza tu faneli iko wapi.

Babu yako